Mlima Ulipoziba Mto: Bwawa la Gohna na Muda wa Kukimbia

Nimezaliwa Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Nyumbani kwetu tunazungumza Kikonzo na Kiswahili, kwa sababu bibi yangu alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni nchini Kongo. Tarehe 1 Mei 2013, nikiwa bado shule ya msingi, mto Nyamwamba ulifurika. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeunguza mimea huko juu mlimani, na mvua kubwa ilipokuja, udongo wa miteremko uliporomoka na kuingia mtoni. Kwa hiyo maji hayakuja peke yake. Yalikuja na magogo, tope, na mawe mengine makubwa kuliko ng'ombe. Nyumba zilikwenda na madaraja yalikwenda. Mei 2020 mto huohuo ukafurika tena.

Tangu utoto wangu niliamini kwamba mafuriko ni jambo la ghafla tu: mvua inanyesha, mto unapanda, na mtu anakimbia au anachukuliwa. Nilipofika chuoni na kuanza kusoma historia ya majanga, nilikutana na aina nyingine ya mafuriko. Dalili yake ya kwanza si mto kujaa, bali mto kukauka. Mlima unaanguka na kuziba bonde, kisha maji yanakusanyika nyuma ya kifusi kwa siku kadhaa, kwa miezi, wakati mwingine kwa karibu mwaka mzima. Huko chini watu wanavuka mto kwa miguu na kushangaa. Halafu siku moja ziwa lote linateremka.

Katika insha hii nitaeleza jinsi mabwawa ya namna hiyo yanavyotokea na yanavyovunjika, kisha nitasimulia habari za bwawa moja lililotokea Gohna, kaskazini mwa India, mwaka 1893. Nimelichagua kwa sababu lilivunjika katika nchi yenye watu wengi, likaangamiza mji mzima, na bado watu waliokufa walikuwa watano tu. Hoja yangu ni kwamba bwawa la maporomoko ni janga linalotoa muda, tofauti na mafuriko mengi. Swali la mwanahistoria ni nani aliutumia muda huo, aliutumia kwa ajili ya nini, na ulinzi ulidumu kwa muda gani baada ya hofu kupoa.

Tuanze na jinsi bwawa lenyewe linavyozaliwa. Linahitaji vitu vitatu: bonde jembamba, mteremko mkali usio imara, na kitu cha kuuangusha mteremko huo. Mara nyingi kitu hicho ni mvua ya siku nyingi au tetemeko la ardhi. Bonde likiwa pana, kifusi hutawanyika na mto hupata njia pembeni. Bonde likiwa jembamba, kifusi hujaa toka ukingo hadi ukingo, na mto hauna pa kupita.

Ukuta huo haufanani na bwawa lililojengwa na binadamu. Mhandisi anapojenga bwawa huchagua udongo, huushindilia, na huweka njia ya kutolea maji yakizidi. Mlima haufanyi hivyo. Mawe makubwa, changarawe, vumbi na miti vimelala pamoja bila mpango, na hakuna mlango wa maji. Ndiyo maana mabwawa mengi ya aina hii hayadumu. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, John Costa na Robert Schuster, walichapisha hesabu ya mabwawa 73 ya maporomoko yaliyovunjika. Asilimia 27 yalivunjika kabla ya kutimiza siku moja, asilimia 41 kabla ya kutimiza wiki, na asilimia 85 kabla ya kutimiza mwaka. Lakini yapo machache yanayokaa. Februari 1911 tetemeko liliangusha mlima katika Pamir, nchi ambayo leo ni Tajikistan, ukazika kijiji cha Usoi na kuziba mto Murghab. Ukuta ule wenye urefu wa zaidi ya mita 500 kwenda juu bado umesimama, na nyuma yake kuna ziwa Sarez lenye urefu wa kilomita 60 hivi.

Bwawa likivunjika, kwa kawaida huvunjika kwa njia moja kati ya tatu. Njia iliyo ya kawaida zaidi ni maji kupita juu. Ziwa linapanda mpaka linafika mahali palipo chini zaidi kwenye kilele cha ukuta, na hapo kijito kidogo kinaanza kutiririka upande wa pili. Mtu akikiona kijito hicho anaweza kudhani kwamba hatari imepita, kwa sababu sasa maji yamepata njia. Ukweli ni kinyume chake. Upande wa chini wa ukuta ni mteremko mkali wa kifusi kilicholegea. Kijito kinachimba, mfereji unakuwa na kina, maji mengi zaidi yanaingia, na kwa kuwa yameongezeka yanachimba kwa nguvu zaidi. Jambo lililoanza asubuhi kama kijito laweza kuwa mto mkubwa kabla ya usiku wa manane. Njia ya pili ni maji kupenya ndani ya kifusi na kubeba udongo laini kidogo kidogo, mpaka panakuwa na mfereji ndani kwa ndani na ukuta unazama. Njia ya tatu ni uso wa ukuta wenyewe kuporomoka kwa kulowa maji.

Katika njia zote tatu, janga halitokani na mvua ya siku ile peke yake. Linatokana na maji ya miezi mingi kuteremka kwa saa chache. Kwa hiyo mafuriko hayo hupita alama zote za mafuriko ambazo wazee wa bonde wanazikumbuka. Mtu aliyejenga juu ya alama ya babu yake anajiona salama, na kumbe hayuko salama.

Jambo hili lilionekana wazi katika mto Indus mwaka 1841. Majira ya baridi ya mwaka 1840 kuelekea 1841 tetemeko liliangusha sehemu ya mlima wa Nanga Parbat ndani ya bonde la Indus. Ziwa lililotokea nyuma ya kifusi lilirefuka zaidi ya kilomita 60, mpaka karibu na Gilgit. Kwa miezi sita hivi, huko chini kabisa Attock, mto ule mkubwa ulikuwa na maji machache kuliko kawaida. Kila aliyepita ukingoni angeweza kuona. Hata hivyo, mwanzoni mwa Juni 1841 jeshi la Masingasinga lilikuwa limepiga kambi kwenye uwanda ulio karibu na mto. Ukuta ukavunjika, na mamia ya askari wakachukuliwa na maji pamoja na watu wa vijiji vya kando. Muda ulikuwepo, miezi sita mizima. Kilichokosekana ni njia ya kuunganisha watu walioliona ziwa juu na watu walioona mto mkavu chini.

Hali ilikuwa mbaya pia nchini China mwaka 1786. Tetemeko la tarehe 1 Juni liliziba mto Dadu katika Sichuan. Bwawa lilivunjika siku tisa baadaye, na inasemekana watu laki moja waliangamia katika mabonde ya chini. Maafa ya maporomoko yenyewe hayakaribii idadi hiyo. Ukubwa wa janga ulitokana na umbali ambao maji yalisafiri bila kutangulizwa na habari.

Baada ya mifano hiyo miwili ndipo tunaweza kuelewa kilichotokea Gohna. Garhwal ni nchi ya milima katika Himalaya, na wakati huo sehemu yake ilitawaliwa na Waingereza. Mto Birahi Ganga unatoka huko na kuingia katika mto Alaknanda, ambao ni mmoja wa mito miwili inayoungana na kuitwa Ganga. Njia ya mahujaji wa Kihindu kwenda hekalu la Badrinath hupita kando ya Alaknanda. Chini zaidi ulikuwepo mji wa Srinagar wa Garhwal, ambao haufai kuchanganywa na Srinagar ya Kashmir, na mwisho wa milima upo mji mtakatifu wa Haridwar, mahali ambapo mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba huchota maji ya Ganga.

Septemba 1893, mvua za masika zikiwa zinaelekea mwisho, upande mmoja wa bonde la Birahi uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna. Maporomoko hayakuisha kwa mara moja. Mawe yaliendelea kuanguka kwa siku kadhaa. Yalipotulia, ukuta wa kifusi ulikuwa umesimama kiasi cha futi 900, yaani mita 270 hivi, juu ya kitako cha mto. Nyuma yake maji yakaanza kupanda.

Wakuu wa serikali hawakukubaliana mara moja kuhusu uzito wa jambo hili, lakini mhandisi mkuu wa eneo, Kanali Pulford, alikwenda kuliona bwawa na kupiga hesabu. Baada yake alikwenda mwanajiolojia T. H. Holland, mapema mwaka 1894. Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ilihitaji macho ya ujuzi. Ukuta ulikuwa mnene mno kiasi kwamba uzito wa maji hauwezi kuusukuma. Kwa hiyo hautavunjika mpaka ziwa lijae na maji yapite juu. Ukijua ziwa linapanda kiasi gani kila siku, na ukijua mvua za mwaka unaofuata zitaanza lini, unaweza kukadiria wakati wa kujaa. Wakakadiria katikati ya Agosti 1894. Holland aliona pia kwamba ukuta hautaondoka wote, na kwamba baada ya mafuriko litabaki ziwa dogo.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha habari hii. Wahandisi wa dola iliyojivunia reli na mifereji walitazama ukuta ule na kukubali kwamba hawawezi kuuzuia wala kuutoboa kwa wakati. Hawakutumia miezi iliyobaki kupambana na mlima. Waliitumia kuwaondoa watu mbele ya maji.

Walivuta waya wa telegrafu kutoka Gohna hadi Haridwar, umbali wa kilomita 240 hivi kwa njia ya bonde. Afisa mhandisi kijana, Luteni Crookshank, aliwekwa Gohna kulitazama ziwa na kutuma habari. Kando ya bonde zilijengwa nguzo za kuonyesha mahali ambapo maji hayatafika, ili hata asiyejua kusoma ajue apande mpaka wapi. Madaraja ya kuning'inia yalifunguliwa na kuondolewa kabla ya maji kuyafikia. Mahujaji walielekezwa kwenye njia za juu. Watu wa Srinagar na wa vijiji vya kando ya mto waliambiwa watoke na vitu vyao.

Tarehe 25 Agosti 1894, alfajiri, maji yalianza kupita juu ya ukuta. Kilichofuata ni kama nilivyoeleza hapo juu kuhusu kijito na mfereji. Kutwa nzima maji yalichimba. Usiku huo, kabla ya saa sita, katika mvua na ukungu, ukuta ulikatika. Kwa muda wa saa nne na nusu hivi ziwa lilishuka karibu mita 120, na maji yaliyotoka yalikadiriwa kuwa futi za ujazo bilioni 10, ambazo ni sawa na mita za ujazo milioni 280 hivi. Habari ilitangulia kwa waya. Maji yalifika Srinagar kabla ya mapambazuko na kuufuta mji, pamoja na jumba la kale la wafalme wa Garhwal. Asubuhi ya tarehe 26 yalikuwa yamefika Haridwar.

Watu waliokufa walikuwa watano: fakiri mmoja na watu wa familia yake. Walikuwa wameshaondolewa bondeni kwa nguvu, kisha wakarudi.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza, nilifikiri kama wengi watakavyofikiri. Tunayo methali inayofaa kabisa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maandishi ya wakati ule yana sauti hiyohiyo. Yanawataja watano hao kama watu wakaidi walioharibu hesabu ambayo ingekuwa sifuri. Lakini nilipokwenda nyumbani likizo nikamsimulia bibi yangu, yeye hakucheka wala hakuwalaumu. Aliniuliza, "Huyo mtu walimwondoa siku ngapi kabla ya maji?" Nikamwambia kwamba kazi ya kuwahamisha watu ilitangulia mafuriko kwa muda. Akasema, "Mjukuu wangu, na hapo walipompeleka alikuwa anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Neno fakiri tunalo hata sisi, na maana yake kwetu ni mtu maskini. Fakiri wa India ni mtawa anayeishi kwa sadaka, na mahali pake pa kuishi ni pale wanapopita watu wa kumpa. Ukimwondoa kando ya njia ya mahujaji umemwokoa na maji, lakini umemwondoa pia kwenye chakula chake. Bibi yangu analijua jambo hilo kwa mwili wake. Baada ya mafuriko ya 2013 tuliambiwa tuhame kando ya Nyamwamba, tukahama. Miezi michache baadaye tulirudi, kwa kuwa shamba lilikuwa palepale na kule tulikohamia hapakuwa na shamba. Kwa hiyo nikimtazama yule fakiri, simwoni kama mpumbavu. Namwona kama sehemu ya tahadhari ambayo haikukamilika. Kumwambia mtu akimbie ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa sababu ya kutorudi.

Jambo la pili ninalotaka kulisema juu ya mafanikio ya 1894 ni kwamba yalihesabiwa kwa vichwa vya watu. Watu waliokoka, na hilo ni jambo kubwa lisilofaa kudharauliwa. Lakini Srinagar haukubaki. Maduka, mahekalu, mashamba ya kando ya mto na nyumba za vizazi vingi vilikwenda, na mji mpya ukajengwa mahali pengine. Tukiandika "watano tu" tunaandika ukweli, lakini tusidhani kwamba wale wengine walirudi kwenye maisha yao ya jana.

Na habari haikuishia 1894. Kama Holland alivyoona mapema, sehemu ya ukuta ilibaki, na nyuma yake likabaki ziwa lenye urefu wa kilomita kadhaa. Watu walilizoea. Nyaya zilizovutwa kwa ajili yake zilitimiza kazi yake, afisa wa kulitazama aliondoka, na kizazi kilichokimbia kikazeeka. Miaka 76 ilipita. Wakati huo misitu ya mabonde yale ilikatwa sana kwa ajili ya mbao, na barabara zilichongwa kwenye miteremko, hasa baada ya vita vya India na China vya mwaka 1962, kwa kuwa mpaka uko karibu.

Tarehe 20 Julai 1970 mvua kubwa iliporomosha miteremko ya bonde la Birahi na mabonde jirani. Mawe na tope viliingia katika ziwa la Gohna, likajaa kifusi, na maji yake yakatoka. Alaknanda ikafurika. Kituo cha barabarani cha Belakuchi kilichukuliwa pamoja na mabasi, madaraja yalivunjika, makumi ya watu walikufa, na tope lilisafiri mpaka kwenye mfereji wa Haridwar na kuuziba. Safari hii hapakuwa na nguzo za kuonyesha mahali salama, wala mtu wa kutuma habari kutoka ziwani.

Tulinganishe miaka hiyo miwili. Mwaka 1894 maji yalikuwa mengi zaidi kwa mbali, na waliokufa walikuwa watano. Mwaka 1970 India ilikuwa na simu, redio, barabara na magari, na waliokufa walikuwa wengi zaidi. Tofauti haikuwa vyombo. Mwaka 1894 kila mtu alijua kwamba ziwa ni hatari. Mwaka 1970 ziwa lilikuwa limekuwa sehemu ya mandhari.

Watu wa wilaya ile, inayoitwa Chamoli, hawakuyaacha mafuriko ya 1970 yapite bila kuuliza. Chandi Prasad Bhatt na wenzake wa chama cha ushirika cha huko walitembea katika mabonde yaliyoharibiwa, wakaona kwamba maporomoko mengi yalikuwa kwenye miteremko iliyokatwa miti. Miaka mitatu baadaye, 1973, wanavijiji wa Mandal waliwazuia wakataji wa miti wa kampuni, na Machi 1974 wanawake wa kijiji cha Reni, wakiongozwa na Gaura Devi, walikumbatia msitu wao. Dunia inalijua tukio hilo kwa jina la Chipko, na huku kwetu hulitaja pamoja na kazi ya Wangari Maathai wa Kenya. Wachache wanakumbuka kwamba nyuma ya Chipko kuna mafuriko, na nyuma ya mafuriko hayo kuna mlima ulioanguka mwaka 1893.

Je, leo tungefanya nini Gohna? Mfano wa karibu uko China. Tetemeko la Wenchuan la tarehe 12 Mei 2008 liliziba mto juu ya mji wa Beichuan na kuzaa ziwa la Tangjiashan. Ziwa hilo lilifikia karibu mita za ujazo milioni 250, kiasi kinachokaribia kile kilichotoka Gohna. Lakini hapakuwa na miezi kumi na moja ya kujiandaa, kulikuwa na wiki chache tu. Askari walipelekwa kwa helikopta, wakachimba mfereji katika kilele cha ukuta ili maji yaanze kupita yakiwa chini zaidi, kabla ziwa halijafika kimo chake cha juu. Wakati huohuo watu zaidi ya 250,000 waliondolewa katika mabonde ya chini. Tarehe 10 Juni 2008 maji yalichimba mfereji na kuteremka kwa kasi kubwa, na hakuna aliyekufa kwa mafuriko hayo. Mashine zilipunguza ukubwa wa mafuriko, lakini waliookoka waliokoka kwa sababu hawakuwepo bondeni. Miaka 114 baada ya Gohna, kanuni ilikuwa ileile.

Kutokana na historia hii najifunza mambo matatu kwa ajili ya mabonde yetu ya Rwenzori, Elgon, Virunga na Kivu, ambako miteremko ni mikali na mvua ni nyingi. La kwanza, mto unaopungua ghafla wakati mvua inanyesha si habari njema. Anayeishi kando yake asishuke kuokota samaki wala kuvuka kuchota mchanga; apande juu, na atume habari kwa walio juu na walio chini. La pili, anayehamishwa apewe mahali pa kuishi pamoja na namna ya kuishi, la sivyo atarudi kama yule fakiri, na kama sisi tulivyorudi. La tatu, ulinzi uendelee muda wote ambao hatari ipo, hata kama waliouanzisha wameshakufa. Ziwa la Gohna lilisubiri miaka 76.

Bibi yangu bado analima kando ya Nyamwamba. Likizo iliyopita alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha jiwe kubwa kwenye kilima, ambalo amelipaka chokaa. Aliniambia, "Ile siku ulinisomea habari za nguzo. Mimi sina nguzo, nina jiwe. Watoto wa hapa nimewaambia, mto ukibadilika sauti usiku, wasiniamshe kuniuliza, tukutane pale." Nilipima kwa macho kutoka kwenye jiwe hadi mtoni. Nadhani ameliweka juu ya kutosha, lakini mwezi ujao nitarudi na wenzangu wawili wa idara ya jiografia, tupime kwa vifaa.